Dakika Sita za Chapati

Rafiki yangu mwongozaji wa filamu alikuja jioni, misumeno ya duka la mbao hapo chini ikiwa imeshanyamaza na mtaa wetu wa Ndeeba, Kampala, umebaki na harufu ya unga wa mbao na moshi wa mishikaki. Hakuketi. Alisimama mlangoni, kofia ya pikipiki kwapani, akaitazama rafu ninapopanga diski zangu za video. Kila moja nimeibandika plasta nyeupe na kuiandika kwa kalamu: KWANJULA MUKONO. HARUSI GAYAZA. UBATIZO. MAZISHI YA MZEE.

"Za kwangu ziko wapi?"

Nikamtolea diski yenye filamu yake. Akatikisa kichwa.

"Si hiyo. Zile picha nilizopiga. Yule mama wa chapati."

Nikajifanya natafuta. Nilivuta droo mbili. Nilichomeka diski moja ambayo nilijua fika haina kitu, nikangoja taa yake ya buluu iwake, nikafungua folda baada ya folda kana kwamba mama wa chapati angeweza kuwa amejificha kwenye ubatizo wa mtoto wa watu. Yeye alinisubiri kama mtu anavyomsubiri mgonjwa amalize kukohoa.

"Sitaki kumrudisha kwenye filamu," akasema. "Nataka kumwangalia tu."

Nikamwambia nitatafuta vizuri. Akasema sawa, ndugu yangu. Akashuka ngazi.

Ni wiki saba sasa. Hakuna cha kutafuta. Nilimfuta mimi mwenyewe.

## Hakuna kumkata senga

Mimi ni mtu wa Busia, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya kugombana na madereva wa malori. Kampala mtu akikusikia unakizungumza vizuri anashusha sauti kidogo, akidhani wewe ni afande. Nimewahi kuachiwa kiti cha mbele kwenye teksi kwa sababu hiyo. Sikukikataa.

Kazi yangu ni kukata na kuunga video. Kwa miaka kumi na mmoja nimekula kwa kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, na kwenye kwanjula mhariri hana uhuru hata chembe. Sherehe ikichukua saa saba, mwenye shughuli anataka kuziona zote saba. Senga, yaani shangazi wa bibi harusi, lazima aonekane akipiga magoti, lazima aonekane akiinuka, na vikapu vya zawadi vipite kimoja kimoja mbele ya kamera, maana kuna wajomba watakaokaa kuvihesabu. Niliwahi kumwondoa senga mmoja kwa sekunde nne tu, alikuwa anapiga chafya. Nilipigiwa simu saa sita usiku.

Kwa hiyo siku filamu ya kubuni ilipofika mezani kwangu mara ya kwanza, nilikuwa kama mbuzi aliyekata kamba. Hapa ruksa kukata! Unaweza kuiingiza honi ya lori kabla lori lenyewe halijaonekana, mtazamaji akageuza shingo kwenye kiti chake bila kujua nani kamgeuza. Unaweza kumtia mtu huzuni kwa kumwacha kimya fremu kumi na mbili zaidi, wakati ukweli ni kwamba siku ile mwigizaji alikuwa anangoja tu kuambiwa akakae. Waigizaji hawayajui haya. Waongozaji wanayajua, ila hupenda kuyasahau.

Kiburi huanzia hapo. Unakaa gizani, hedifoni masikioni, misumeno inanguruma chini yako, unasikia sauti ya mwongozaji nyuma ya kamera ikisema "basi, inatosha" sekunde moja kabla mwigizaji hajafanya kile hasa ulichokuwa unakihitaji. Unaanza kunung'unika peke yako.

Ningekuwa mimi.

## Diski ya bosi

Rafiki yangu aliipiga filamu yake kwenye miji ya mpakani, Busia na Malaba, Kiswahili na Luganda vikichanganyika kama watu wanavyoongea, hadithi ya kijana wa bodaboda anayevusha sukari usiku. Pesa ilitoka kwa bosi mmoja mwenye maduka ya simu. Bosi alitaka filamu ya kukimbizana. Rafiki yangu akampa filamu ya kukimbizana, ila katikati yake akamweka mama wa chapati.

Ni alfajiri, saa kumi na moja. Kamera imekaa juu ya kreti ya soda na haisogei. Mama anasukuma chapati, nyuma yake foleni ya malori. Anaichoma, anaigeuza kwa vidole. Anapasua mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, kitunguu, nyanya, chumvi, anakoroga, anamwaga, anailaza chapati juu, anaikunja. Rolex ya kwanza ya siku, ndivyo tunavyoiita chapati hiyo ya mayai, na mteja hayupo. Anaiweka kando, anaifunika kwa gazeti, anachukua donge jingine. Taa za malori zinazimwa moja moja kadiri kunavyokucha. Yule kijana wa bodaboda anapita mara moja, mbali, pikipiki kaizima anaisukuma. Mama hamwoni. Dakika sita, shoti moja, hakuna neno.

Nilipoiona mara ya kwanza nilimwambia ni ndefu. Hilo lazima niliseme, nisije nikaonekana hapa kama mtu aliyelazimishwa.

Kisha akapata kazi ya miezi mitatu Juba, kupiga picha za shirika moja la misaada, kwa sababu kodi ya nyumba hailipwi kwa filamu. Wiki ya pili bosi akapanda ngazi zangu na diski mkononi.

"Huyu jamaa yako ameniletea saa mbili na dakika nane. Nataka saa moja na nusu. Na huyo mama akapike kwake."

Niliwasiliana na Juba. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo rafiki yangu akawa ananitumia sauti kwenye WhatsApp: dakika nane, dakika kumi na mbili. Hapa usiguse. Hapa punguza, lakini acha miguu yake iingie kwanza. Hapa nitakueleza nikirudi. Mbili za mwanzo nilizisikiliza zote. Za baadaye nilizisikiliza huku nakula. Mwishoni zikawa zinarundikana na kile kidoti cha kijani kuonyesha sijazigusa.

Bosi hakuniamini mimi, na hakumwamini yeye. Aliwaamini watazamaji. Akakodi kibanda kimoja cha video Kisenyi, hapa Kampala, Jumapili mchana, kiingilio shilingi 1,000, filamu yetu ikafuata baada ya sinema ya Kimarekani ya bunduki iliyotafsiriwa na VJ, msimulizi anayeongea juu ya sinema, mwenye sauti ya kupasua bati. Watu wamekaa kwenye mabenchi, jasho linawatoka, wametoka kuona helikopta tatu zikilipuka. Ghafla, mama na chapati. Dakika ya kwanza wakanyamaza. Ya pili viti vikaanza kulia. Ya tatu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Leta na chai!"

Kibanda kizima kikacheka. Hata mimi nilicheka.

Usiku ule nikamkata. Kazi yenyewe ni ya sekunde moja: unabonyeza mwanzo, unabonyeza mwisho, unafuta, na pengo linajifunga lenyewe.

## Kicheko cha Pomona

Nilianza kusoma maisha ya Robert Wise kwa kutafuta moyo. Kwa mtu wa kazi yangu yeye ni aina ya nabii. Chuo kilimshinda kwa ukosefu wa pesa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, mwaka 1933 akaingia studio ya RKO Hollywood, ambako kaka yake alikuwa anafanya kazi, na akaanza kwa kubeba mikebe ya filamu kutoka chumba hadi chumba. Akahamia sauti, kisha picha. Mwaka 1941 jina lake lilikuwa kwenye Citizen Kane kama mhariri. Ile sehemu ya taarifa ya habari mwanzoni, inayoonekana kuukuu na yenye mikwaruzo, ni kazi ya mikono: waliiburuza filamu sakafuni mpaka ikachakaa. Miaka ishirini baadaye alipata tuzo ya Oscar ya uongozaji kwa West Side Story, na ya pili kwa The Sound of Music ya 1965. Kutoka kubeba mikebe mpaka huko! Nilikuwa nawasimulia vijana wanaokuja kujifunza kwangu kila wakikata tamaa.

Kati ya mikebe na Oscar kuna mwaka 1942, na huo sikuwa nausimulia. Sikuujua.

Orson Welles, mwongozaji wa Citizen Kane, baada yake aliongoza The Magnificent Ambersons, naye Wise akawa mhariri tena. Filamu haijakamilika, Welles akaenda Brazili kupiga picha nyingine. Mpango ulikuwa Wise amfuate Rio na kopi ya filamu wamalizie pamoja, lakini Marekani ilikuwa vitani na ruhusa ya kusafiri haikupatikana. Wakabaki na simu na telegramu. Welles alituma telegramu ndefu ndefu, maelekezo juu ya maelekezo.

Tarehe 17 Machi 1942 studio ikaionyesha kwa majaribio katika mji wa Pomona, California. Ukumbini walikuwemo vijana wengi, na walikuwa wametoka kutazama filamu ya nyimbo na vichekesho. Ghafla, familia ya zamani inafilisika polepole.

Wakacheka.

Niliiweka simu kifuani. Nilikuwa nimelala chali, feni inazunguka, na nilimsikia yule mtu wa Kisenyi akiagiza chai.

Studio ikaamuru ikatwe. Filamu iliyokuwa na zaidi ya saa mbili ikatoka na dakika 88, na mwisho mpya ambao Welles hakuupiga. Mtunzi wa muziki, Bernard Herrmann, alidai jina lake liondolewe. Aliyeshika mkasi alikuwa Wise, ana miaka 27. Na zilipohitajika sehemu mpya za kuunganisha kilichobaki, baadhi alizielekeza yeye.

Yaani mara ya kwanza huyu nabii wangu kusimama nyuma ya kamera, alikuwa anaziba tundu alilolitoboa kwenye filamu ya mwenzake aliyekuwa safarini.

Wapo wanaomwita msaliti. Mimi sina ujasiri huo, na si kwa sababu ya udugu wa kazi tu. Alikuwa mwajiriwa. Kicheko kilikuwa cha kweli, na mtu ambaye hajawahi kukaa ukumbini kikipita juu ya kichwa chake asiniambie kuhusu sanaa. Wise mwenyewe mpaka uzeeni alishikilia kwamba walifanya walichoweza kuiokoa filamu isife kabisa. Huenda ni kweli. Kinachonikera ni kwamba aliifanya kazi ile vizuri. Ingekuwa rahisi kumsamehe kama angeiharibu.

Yangu pia ilitoka vizuri. Saa moja na dakika thelathini na moja. Bosi alinipa bahasha na kunipiga begani.

## Jumamosi

Kabla ya bahasha kulikuwa na jambo jingine.

Ukimwondoa mama wa chapati, na ukiondoa na mambo mengine ya dakika thelathini na moja, hadithi inapata matundu. Kijana yuko Malaba, halafu yuko Jinja, na hatujui alifikaje wala kwa nini amevaa shati la mtu. Bosi akaniambia twende tukapige sehemu mbili za kuunganisha. Nikamwambia tumngoje mwenyewe, zimebaki wiki tano tu.

"Sina wiki tano. Usipopiga wewe, yupo kijana Ntinda."

Wise naye alipata simu ya aina hiyo. Mwaka 1943, RKO hiyo hiyo, alikuwa anahariri filamu ya bajeti ndogo, The Curse of the Cat People. Mwongozaji, Gunther von Fritsch, alikuwa nyuma ya ratiba. Siku ya Jumamosi Wise akaambiwa Jumatatu achukue nafasi yake. Alisita, maana alikuwa anafanya kazi na mtu huyo huyo. Akaelezwa wazi kwamba Jumatatu pale patakuwa na mwongozaji mwingine: kama si yeye, ni fulani. Akaenda. Majina yote mawili yapo kwenye filamu, na toka hapo hakurudi tena chumba cha kukatia.

Nami nilikwenda. Siku moja, sehemu mbili, kando ya barabara ya Jinja. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala kwa furaha. Niseme ukweli, furaha ilikuwepo. Nilikuwa na karatasi yenye kila shoti, sekunde zake na mahali itakapounganishwa. Hakuna mwongozaji niliyewahi kumhariri aliyekuja amejiandaa namna ile.

Saa nne asubuhi tulikuwa na mama mmoja mzee, mwigizaji wa zamani wa jukwaani, anayecheza mama wa yule kijana. Anaambiwa mwanao ameonekana mpakani. Nilihitaji kutoka kwake kitu kimoja: ageuze kichwa, aangalie barabara. Sekunde tatu. Akageuza kichwa, akaangalia barabara.

"Kata! Safi sana, mama."

Akabaki ameangalia barabara. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwanangu, mbona hukuniacha nimalize?"

Nikamwambia nimeshapata nilichotaka. Akasema haya, akajifunga leso yake vizuri, akaenda kukaa kivulini. Wala hakukasirika.

Nimeifikiria asubuhi ile kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii, isipokuwa ile diski. Wanaotoka kwenye uhariri wakawa waongozaji husifiwa kwamba hawapotezi muda wala memori kadi, wanapiga kile tu watakachotumia. Nami nilisifiwa. Tulimaliza saa tisa, bosi hakuamini. Lakini mezani, nilipoifungua ile shoti, nikakuta kile kile nilichokuwa nacho kwenye karatasi, bila nukta ya ziada. Miaka yote niliyokuwa nanung'unika kwamba waongozaji wanasema "basi" mapema, nilikuwa naishi kwa mabaki yao: yule aliyesahau kuzima kamera, yule aliyemwacha mwigizaji akahangaika. Mabaki yale ndiyo yalinifanya nionekane fundi. Nilipokuwa mimi, sikubakiza kitu.

Sijui mama yule angemaliza vipi.

## Milango mingine

Nikatafuta kama kuna aliyetoka mezani bila kukanyaga shingo ya mtu.

Dorothy Arzner alitoka kwa ubishi. Alianza kwa kupiga chapa miswada ya filamu, akawa mkataji, na mwaka 1922 akaunganisha picha za akiba za mchezo wa kupigana na fahali na picha za karibu za mwigizaji Rudolph Valentino mpaka studio ikaokoa pesa nyingi. Alipoona hapewi filamu ya kuongoza, akaaga: studio jirani ilikuwa tayari kumpa. Wakubwa wa Paramount wakaogopa kumpoteza, na mwaka 1927 filamu yake ya kwanza ikatoka. Nampenda sana huyu mama. Lakini ili kutishia kuhama, lazima pawepo pa kuhamia, na mimi nikihama Ndeeba nitaikuta Ndeeba nyingine.

David Lean alitoka kwa kungoja. Alikuwa mhariri wa Uingereza aliyelipwa vizuri kuliko karibu wenzake wote, na alipopewa filamu za bei rahisi aziongoze, alikataa, akijua ikiharibika hawatakumbuka bajeti, watakumbuka jina. Alikaa mezani mpaka 1942, mwaka ule ule wa Pomona, mwandishi na mwigizaji Noël Coward alipohitaji mtu anayeijua kamera wa kuongoza naye filamu ya meli ya kivita. Lean akasema: "Jina langu liandikwe kando ya lako." Likaandikwa. Nami nasema: mwenye kulipwa vizuri anaweza kungoja.

Kuna jambo jingine kuhusu Lean ambalo ndilo lililonifanya nisiifunge simu na kulala. Mwaka 1984, ana miaka zaidi ya sabini na tano, ameshaongoza filamu ambazo dunia nzima inazijua, alipomaliza A Passage to India alirudi mezani akaihariri mwenyewe, na kwenye filamu akaandika kazi zote mbili pamoja, kuongoza na kuhariri. Filamu ile ndiyo ikawa ya mwisho kwake.

Sijui kwa nini hilo linanigusa. Labda ni vile namwona mzee yule ameinama, anatafuta fremu.

## Nafasi

Filamu ilitoka. Rafiki yangu alirudi kutoka Juba, tukaitazama wote wawili hapa hapa, kwenye kioo hiki chenye ufa pembeni. Pale mama wa chapati alipotakiwa kuwa, alivuta pumzi kidogo kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Mpaka mwisho hakusema kitu. Alipoliona jina langu chini ya lake, "mwongozaji msaidizi," alisoma kwa sauti. Akaniuliza kama nimekula. Tukaenda kula.

Kama yangeishia hapo, pengine tungepona. Picha zake zote, saa kama arobaini, zilikuwa bado kwenye diski yangu ya tera mbili. Miezi ikapita. Msimu wa harusi wa Desemba ukaingia, nina kwanjula tatu wiki moja, kamera nne kila moja, na diski zote zimejaa mpaka kompyuta inalia. Mpya ilikuwa ghali kuliko nilichokuwa nacho mfukoni. Nikaangalia rafu. Kila plasta ilikuwa na mwenyewe ambaye angepiga simu saa sita usiku. Isipokuwa moja.

Nilijiambia filamu si imeshatoka?

Walionifariji wameniambia hii ndiyo hali yetu, na wana hoja. Mwongozaji Nabwana I.G.G. wa mtaa wa Wakaliga, Kampala, aliyejifundisha mwenyewe kuhariri na kuunda kompyuta zake kwa mikono yake, na ambaye mpaka leo anaongoza na kukata kazi zake, aliifuta Who Killed Captain Alex? ya 2010 kwenye kompyuta ili apate nafasi ya filamu iliyofuata. Filamu ambayo bajeti yake inatajwa kuwa chini ya dola 200, na ambayo watu wa mabara mengine wameifanya ibada, haipo kwa ubora wake wa kwanza. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Hollywood nayo, pamoja na utajiri wake wote, iliviteketeza vipande vya Ambersons, na watu wanavitafuta mpaka leo. Wapo waliovifuata mpaka Brazili.

Ila Nabwana alifuta chake.

Mimi nilibonyeza "ndiyo" nikaenda kuchemsha chai. Saa arobaini zilichukua dakika chache tu. Niliporudi, KWANJULA ENTEBBE ilikuwa inaanza kunakiliwa.

## Elegu

Wiki iliyopita nilimwambia. Nilichokuwa nakingoja sikijui. Labda nilitumaini picha hizo zingerudi zenyewe kwa huruma. Nilimpigia, nikasema nimezifuta, zote, mimi, ili nipate nafasi ya harusi.

Kimya. Nilisikia bodaboda zikipita upande wake.

"Lini?"

Nikamtajia tarehe, maana ninayo. Iko kwenye faili za ile kwanjula.

Akahesabu. "Siku hiyo nilikuwa Elegu, mpakani na Sudan Kusini," akasema. Kumbe alikuwa amerudi Juba kwa kazi nyingine ya wiki mbili. "Nilikuwa narudi. Tulilala kwenye foleni ya malori, na asubuhi kulikuwa na mama anachoma chapati. Nilitaka kumpiga picha, betri ilikuwa imekwisha." Akacheka kidogo, si kicheko cha Kisenyi. "Nikajiambia si kitu, ninaye mwingine nyumbani."

Sikuwa na la kusema. Nikasema lile ambalo sikupanga kulisema siku hiyo: kwamba nimepewa filamu ya kuongoza, yangu, safari hii hakuna aliyeko safarini, tunaanza baada ya mvua. Kwamba nimeambiwa niihariri mwenyewe ili kupunguza gharama, na nimekataa. Nilitaka aihariri yeye.

Akasema ana abiria, atanipigia.

Hakupiga. Siku ya tatu ukaingia ujumbe, bila salamu, maneno matatu.

"Nunua diski mbili."